Kuondoa Kizazi kwa Sababu ya Endometriosisi: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa

Mwanamke anayefika zahanati katika wilaya ya Kishapu akilalamikia maumivu makali ya hedhi mara nyingi huwa amekwisha kupewa jina la ugonjwa wake nyumbani. Ni chango, wameshamwambia. Amekunywa dawa za mizizi, amekandwa kwa maji ya moto, ameambiwa yataisha akizaa. Amezaa na hayakuisha. Jina hilo la chango tusilidharau, kwa kuwa linakiri kwamba maumivu yapo na kwamba mgonjwa hajayatunga. Kasoro yake ni kwamba limebeba magonjwa mengi yasiyofanana kwa chanzo wala kwa tiba. Mojawapo ni endometriosisi. Somo hili linahusu hatua nzito kuliko zote katika tiba ya ugonjwa huo, yaani upasuaji wa kuondoa kizazi, na limeandikwa kwa kumfikiria mwanamke wa Mhunze au wa vijiji vinavyoizunguka, ambaye pengine atapasuliwa mbali na kwao, kisha atarejea kupona nyumbani ambako maji huchotwa kwa ndoo na shamba halimngoji mtu.

Ugonjwa ulio nje ya kizazi

Kizazi kina utando wa ndani ambao hujijenga kila mwezi na kubomoka wakati wa hedhi. Katika endometriosisi, tishu inayofanana na utando huo huota mahali pasipo pake: juu ya ovari, nyuma ya kizazi, kwenye kano zinazokishikilia, juu ya kibofu cha mkojo au ya utumbo. Huko nako huitikia homoni ya estrojeni, huvimba, huvuja damu isiyo na njia ya kutokea, na kuacha makovu. Miaka inapopita makovu hayo hunatisha viungo, hata utumbo ukashikamana na kizazi na ovari zikavutwa nyuma. Ndani ya ovari damu ya zamani huweza kujikusanya ikawa uvimbe wenye majimaji mazito ya rangi ya kahawia. Ndiyo sababu mgonjwa huja na maumivu ya hedhi yasiyomruhusu kusimama, maumivu wakati wa tendo la ndoa, maumivu ya kwenda haja kubwa siku za hedhi, uchovu asioweza kuueleza, na pengine kutoshika mimba.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu milioni 190 hivi. Hauletwi na uasherati, wala laana, wala njia za uzazi wa mpango, na si saratani. Chanzo chake hakijajulikana kikamilifu. Maelezo yanayotajwa zaidi ni ya daktari Mmarekani John Sampson, aliyeandika mwaka 1927 kwamba sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kumwagika tumboni. Hata hivyo, jambo hilo huwatokea pia wanawake wengi wasiougua, kwa hiyo maelezo ya Sampson peke yake hayatoshi.

Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba huu ni ugonjwa wa wanawake wa Kizungu wenye uwezo. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari mweusi wa Chicago, alichapisha taarifa kuhusu wanawake weusi aliowachunguza tumboni kwa kamera: miongoni mwa walioandikiwa kuwa wana maambukizi ya viungo vya uzazi, si wachache waliokuwa na endometriosisi. Jambo hilo linatuhusu hata leo. Mwanamke mwenye maumivu chini ya kitovu hupewa doksisaikilini na metronidazo, na akirudi baada ya miezi miwili hupewa tena zilezile. Ombi langu kwa muuguzi na tabibu wa zahanati ni dogo: akija mara ya tatu, msimwandikie dawa kabla ya kumwuliza maumivu yake huanza siku gani ya mwezi.

Swali hilo lina uzito zaidi kwetu kwa kuwa Shinyanga ina magonjwa mengine yanayojifananisha na hili. Kichocho cha mkojo, kinachopatikana kwenye malambo na madimbwi ya ukanda huu, huweza kuacha vidonda kwenye mlango wa kizazi na kuleta maumivu na kutokwa damu. Kifua kikuu nacho, ambacho huwaandama wachimbaji wanaovuta vumbi la mawe pamoja na watu wanaoishi nao, huweza kushuka hadi kwenye mirija ya uzazi na kunatisha viungo vya tumboni. Kichocho kina prazikwanteli, kifua kikuu kina dawa zake za miezi sita, na kwa kawaida hakuna kati yake kinachotibiwa kwa kuondoa kizazi. Mwanamke asipelekwe kwenye kisu kabla hayo hayajaulizwa na, inapowezekana, kupimwa.

Kabla ya kukata shauri

Tumchukue mgonjwa wa mfano: ana miaka 37, watoto wanne, na miaka kumi na mitano ya maumivu. Anamwambia muuguzi, “Dada, kitoeni tu hicho kizazi, nipumzike.” Jibu lililo sawa, kwa maoni yangu, halimkatalii wala halimkimbizi: “Mayu, kinaweza kutolewa. Ila kwanza nikueleze kitakachoondoka na kitakachobaki.”

Kabla ya kufika huko kuna tiba ambazo hazipo mbali. Aibuprofeni au diklofenaki, zikianzwa siku moja kabla ya hedhi na kumezwa kwa saa zake baada ya chakula, husaidia kuliko zinapomezwa maumivu yakiwa yamekwisha kupamba moto. Njia zilezile za uzazi wa mpango zinazotolewa kliniki, kama vidonge, sindano ya miezi mitatu, kijiti cha mkononi, na kitanzi chenye homoni mahali kinapopatikana, hupunguza au kusimamisha hedhi na hivyo kuutuliza ugonjwa. Wagonjwa wengi huzikataa kwa kuogopa kwamba zitaharibu kizazi. Inashangaza kumwona mtu anayeogopa sindano kwa sababu hiyo akiwa tayari kizazi chote kiondolewe, lakini ndivyo hofu ilivyo, nayo huondoka kwa maelezo. Kwa kawaida dawa hizi hupewa miezi kadhaa ndipo zihukumiwe.

Upo pia upasuaji unaoondoa tishu iliyoota nje na kuacha kizazi mahali pake. Kwa mwanamke anayetaka mtoto, huo ndio unaostahili kuzungumzwa kwanza. Happiness Millen Magese, aliyekuwa Miss Tanzania mwaka 2001, ameeleza hadharani miaka mingi ya maumivu ya endometriosisi na upasuaji aliofanyiwa mara nyingi, na mwaka 2017 alijifungua mtoto wa kiume. Simfanyi kipimo cha kila mgonjwa, kwa maana si kila mmoja hufikia tiba alizozifikia yeye. Namtaja kwa sababu wapo wasichana wa miaka ishirini na mitano wanaoambiwa na majirani kwamba dawa ya chango sugu ni kutoa kizazi, na hakuna anayewaambia kwamba lipo jingine.

Kuondoa kizazi basi hufikiriwa pale ambapo mwanamke hataki tena kuzaa, dawa zimeshindwa au hawezi kuzivumilia, na maumivu yameharibu maisha yake. Faida huwa kubwa zaidi kama ana hedhi nzito inayommaliza damu, au kama ugonjwa umeingia ndani ya nyama ya kizazi chenyewe, hali iitwayo adenomiosisi.

Kitakachoondoka na kitakachobaki

Hapa ndipo kiini cha somo. Endometriosisi, kwa maana yake, ni ugonjwa ulio nje ya kizazi. Ukiondoa kizazi na kuacha tishu hiyo kwenye utumbo, kwenye kano na kwenye ovari, umeondoa hedhi na kuacha ugonjwa. Njambi Koikai, mtangazaji wa Kenya aliyefariki mwezi Juni 2024, aliwafumbua macho wengi alipoeleza jinsi endometriosisi ilivyofika kifuani mwake na kumfanya mapafu yasinyae mara kwa mara, hata akaenda kutibiwa Marekani mwaka 2018. Ugonjwa wa kifuani ni nadra, lakini unaonyesha wazi kuliko mchoro wowote kwamba kizazi si makao pekee ya maradhi haya. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza daktari bingwa si “Mtakitoa lini?” Ni “Mtaondoa pia na tishu iliyo nje?”

Swali la pili linahusu ovari. Ndizo zinazotengeneza estrojeni, na estrojeni ndiyo chakula cha ugonjwa. Katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, taarifa iliyochapishwa mwaka 1995 iliwafuatilia wanawake 138 walioondolewa kizazi kwa sababu ya endometriosisi. Kati ya 29 walioachiwa angalau sehemu ya ovari, asilimia 62 walipata maumivu tena na asilimia 31 walipasuliwa upya. Kati ya 109 walioondolewa ovari zote, maumivu yaliwarudia asilimia 10. Ukisoma takwimu hizo peke yake utasema ovari zote zitolewe. Lakini taarifa ya Cleveland Clinic ya mwaka 2008 ilikuta kwamba miaka saba baada ya upasuaji, asilimia 77 ya walioachiwa ovari hawakuhitaji kupasuliwa tena, ikilinganishwa na asilimia 92 hivi ya walioondolewa. Na kwa wanawake wa miaka 30 hadi 39, kutoa ovari hakukuleta tofauti kubwa.

Gharama ya kutoa ovari zote mbili ni kwamba mwanamke huingia ukomo wa hedhi siku ileile: joto la ghafla, jasho la usiku, ukavu wa uke, usingizi wa mang'amung'amu, na baada ya miaka mifupa kudhoofika na moyo kuwa hatarini zaidi. Akiwa chini ya miaka 45 hushauriwa kupewa homoni za kufidia hadi karibu na umri wa kawaida wa ukomo wa hedhi, na kwa mgonjwa wa endometriosisi aghalabu huchaguliwa mchanganyiko wa estrojeni na projestojeni, kwa sababu estrojeni peke yake huweza kuamsha mabaki. Mimi humshauri mgonjwa aulize kabla: “Mkizitoa, hizo homoni nitazipata wapi, kwa shilingi ngapi, na kwa miaka mingapi?” Kwa mwanamke wa miaka 37 anayeishi Mhunze, jibu la swali hilo lina haki ya kubadili uamuzi wenyewe.

Mahali na majira ya upasuaji

Vituo vya afya vingi siku hizi hupasua kwa ajili ya uzazi, na watu hudhani kwamba anayeweza kumtoa mtoto anaweza kutoa kizazi chochote. Katika endometriosisi kali viungo havipo mahali pake. Utumbo huweza kuwa umegandamana na kizazi, na mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo hupita karibu kabisa na mahali pa kukata. Kazi hiyo inataka daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, damu iliyo tayari, na ikibidi mpasuaji wa utumbo wa kuitwa. Kutoka hospitali ya wilaya rufaa huelekea hospitali ya mkoa wa Shinyanga, na kwa ugonjwa mkali zaidi Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza.

Tofauti na upasuaji wa kumwokoa mama aliye katika uchungu, huu hupangwa, na kupangwa ni nafasi ya kujiandaa. Damu ipimwe mapema. Aliyepungukiwa apewe madini ya chuma kwa wiki kadhaa. Selimundu, ambayo imeenea Kanda ya Ziwa, iulizwe. Mlango wa kizazi uchunguzwe saratani, na mimba ipimwe hata kama mgonjwa anaapa kwamba haipo. Majira nayo yazingatiwe. Anayepasuliwa mvua za kwanza zikinyesha atarudi nyumbani wakati kila mkono unashika jembe, na barabara ya kutoka Kolandoto hupita kwenye udongo wa mbuga usio na huruma wakati wa masika. Baada ya pamba kuvunwa na kuuzwa fedha huwapo na kazi hupungua, ingawa maji huwa mbali zaidi. Naona majira hayo ndiyo bora, mradi apatikane mchotaji. Asiye na bima wala fedha amwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya siku ya kulazwa.

Fomu ya ridhaa ni ya mgonjwa. Mume akishirikishwa ni heri, na tumhimize aje. Lakini mwili ni wa mwanamke, naye ndiye wa kueleweshwa, kwa Kisukuma ikibidi, mpaka aweze kurudia kwa maneno yake mwenyewe kwamba hatazaa tena.

Upasuaji wenyewe huchukua saa moja hadi tatu, au zaidi viungo vikiwa vimenatana. Mgonjwa hupewa nusu kaputi au ganzi ya mgongo. Atakapoamka atakuwa na dripu na mpira wa mkojo, ambao aghalabu hutolewa kesho yake. Siku hiyohiyo ya pili ainuliwe, akae, atembee hatua chache huku akishikilia mshono kwa mkono au kwa kitenge kilichokunjwa. Kutembea huzuia damu kuganda katika mishipa ya miguu, na huamsha utumbo. Ndugu wanaomwonea huruma wakamwambia alale tu wanamtakia mema, lakini hawamsaidii.

Wiki sita za nyumbani

Safari ya kurudi isiwe ya bodaboda. Katika basi au gari, kila baada ya saa moja au mbili ashuke au walau asimame na kunyoosha miguu.

Kwa wiki sita asinyanyue kitu kinachozidi kilo nne au tano. Ndoo ya lita ishirini ina kilo ishirini za maji, kabla hujaihesabu ndoo yenyewe. Sheria hii ikisemwa kwa kilo haieleweki. Isemwe kwa vitu: asibebe ndoo, asimbebe mtoto mgongoni, asitwange, asivute maji kisimani, asilime, asiponde mawe ya dhahabu kwa wanaofanya kazi hiyo Geita na kwingineko. Anaweza kubeba dumu dogo la lita tatu. Anaweza kupika akiwa ameketi, kuchambua mboga, kutembea kila siku na kuongeza mwendo kidogo kidogo. Kabla hajaruhusiwa, muuguzi aulize jina la mtu atakayechota maji. Jibu likiwa “Mungu atajalia,” mazungumzo hayajaisha: aitwe wifi, binti mkubwa, mama mkwe, au mume mwenyewe, na ahadi itolewe mbele ya mgonjwa. Baiskeli iliyofungwa madumu inaweza kuendeshwa na mwanamume pia.

Kukanda tumbo kwa maji ya moto, kama afanyiwavyo mzazi, ni marufuku hapa. Huunguza ngozi iliyo na ganzi na kuufungua mshono. Vivyo hivyo dawa za kienyeji za kusafisha uke zisiingizwe kabisa, kwa kuwa juu ya uke kuna mshono mwingine usioonekana, na huo ndio unaochelewa kupona. Kwa sababu hiyohiyo tendo la ndoa lingoje wiki sita hadi nane, na baada ya kuchunguzwa. Kutokwa na majimaji ya rangi ya damu, kidogo, kwa wiki chache ni kawaida. Choo kigumu huumiza sana wakati huu: anywe maji, ale mboga, matunda na vyakula vyenye nyuzinyuzi. Michembe kwa karanga ni chakula kizuri cha mgonjwa huyu. Maharage na mayai hujenga mwili. Na dagaa wa ziwani, wanaoliwa pamoja na mifupa yao, humfaa hasa aliyetolewa ovari.

Arudi hospitali bila kungoja tarehe akipata homa, usaha au mshono kuachia, damu nyingi ukeni, tumbo kuvimba na kutapika, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukata. Mkojo ukivuja wenyewe njia ya uke, aje na asijifiche: hiyo ni fistula, nayo hutibika Bugando na CCBRT Dar es Salaam.

Maneno ya watu

Yapo maumivu ambayo fomu ya kuruhusiwa haiyataji. Katika jamii ambayo ng'ombe za mahari hutolewa kwa matumaini ya watoto, mwanamke asiye na kizazi huweza kuambiwa amekuwa ganda tupu, amekuwa mwanamume, hana joto tena. Ukweli wa mwili ni huu: utumbo hujaza nafasi iliyoachwa, uke hubaki, na hamu haikai ndani ya kizazi. Wengi ambao tendo la ndoa lilikuwa mateso huliona likiwa rahisi baada ya kupona. Aliyetolewa ovari huweza kuwa na ukavu, na hilo lina dawa. Maelezo haya mume ayasikie kwa mhudumu, kwani akiyasikia kwa mkewe peke yake huenda akadhani anabembelezwa.

Huzuni nayo huja, hata kwa mwenye watoto wanne aliyeomba mwenyewe kupasuliwa. Kulia si dalili kwamba alikosea. Ikizidi wiki kadhaa, akakosa usingizi na chakula au akatamani kufa, hiyo imekuwa sonona na inatibiwa.

Kuhusu maumivu ya zamani, mgonjwa aambiwe mapema: wengi hupata nafuu kubwa, baadhi hubaki na maumivu kiasi, na wachache huhitaji tiba tena. Anayerudi zahanati ya Mhunze mwaka mmoja baadaye akisema tumbo linauma asijibiwe kwamba haiwezekani, ati kizazi hana. Ili tabibu huyo aweze kumsaidia, hospitali iliyompasua impe karatasi yenye mambo manne kwa maandishi yanayosomeka: kama mlango wa kizazi uliachwa au uliondolewa, maana ukibaki huweza kutoa damu kidogo kila mwezi na bado hupimwa saratani, kama ovari zilibaki, na ni ngapi, tishu ya ugonjwa ilikutwa wapi na ipi haikuweza kuondolewa, na majibu ya maabara ya kizazi kilichotolewa. Majibu hayo huchelewa, kwa hiyo mgonjwa aandikiwe tarehe na namba ya simu ya kuyaulizia. Nakala moja ibaki zahanati, na nyingine akae nayo mwenyewe, ndani ya bahasha moja na kadi yake ya kliniki.